Mkanda Haupendi Mafuta: Kamembe hadi Mudende kwa Skuta

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye njiani ana swali lilelile, na kila mmoja amesikia kipande chake. Wengine wamesikia kwamba niliuziwa skuta mbovu, wengine kwamba nililimishwa huko Rutsiro kama adhabu. Yote mawili yana ukweli kidogo na makosa mengi. Naandika mara moja, kwa mpangilio, ili nisiendelee kusimulia nikiwa nimesimama juani.

Kabla ya kuondoka Gisenyi

Mguu wangu mnaujua. Kifundo cha kushoto kilivunjika nilipoteleza kwenye mawe ya volkano nyuma ya nyumba, kikaunga vibaya, na sasa hakikunjiki. Natembea vizuri. Jambo moja tu siliwezi: kubadilisha gia za pikipiki, kwa sababu gia ziko chini ya mguu wa kushoto. Skuta haina gia za mguu. Unakaa kama umekaa kwenye kiti cha jikoni, miguu miwili mbele yako, na breki zote ziko mikononi.

Ushirika wa wafugaji wa Mudende ulikuwa unatafuta mtu wa kupima maziwa katika vituo vyake vitatu. Kazi hiyo naijua, nilijifunza Karagwe kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Mwenyekiti, mzee wa maneno machache, alinipa sharti moja. Kituo cha tatu kiko juu kabisa, na lori la maziwa hupita pale saa moja asubuhi na halimsubiri mtu. Jumatatu nifike pale kabla ya lori, kwa chombo changu mwenyewe na si kwa pikipiki ya kukodi, maana mpimaji aliyetangulia alikuwa kila siku anamsingizia dereva. Nikifika, kazi ni yangu. Nisipofika, yupo mtu wa Kanama mwenye pikipiki yake, na huyo yuko tayari.

Hayo aliyasema Jumanne. Alhamisi nilikuwa ndani ya basi la Kamembe, mwisho wa ziwa upande wa kusini, ambako nilikuwa nimesikia kuna skuta ya bei ndogo inauzwa.

Kamembe

Mwenye skuta alikuwa fundi cherehani anayeitwa Papa Josué. Duka lake linatazama barabara ya kuteremkia mpakani, upande wa Bukavu, na skuta ilikuwa imeegeshwa ndani, kati ya cherehani mbili, kama mtu wa nyumbani. Rangi yake ilikuwa nyekundu hapo zamani. Herufi za jina la kampuni zilikuwa zimebanduka zikabaki mbili, ambazo hazikusema kitu. Kiti alikuwa amekishonea kitambaa cha suti, cha kijivu chenye mistari, kilichobaki kwenye suti ya bwana harusi mmoja. Nimepanda vyombo vingi, lakini sijawahi kukalia kitu kilichoshonwa vizuri namna ile.

"Mama, mi nitakuambia ukweli yote," alisema. "Iyi skuta iko na kasoro moja tu. Inalia."

"Inalia vipi?"

"Asubuhi. Unaiwasha, inalia kidogo kama mutoto hataki kwenda shule. Kisha inazoea, inanyamaza. Miaka mbili inalia, na inatembea."

Nikaandika kwenye daftari: inalia asubuhi. Alinitazama nikiandika.

"We uko polisi?"

"Hapana. Ninapima maziwa."

"Bon. Njo maana," alisema. "Watu ya kupima maziwa hawaamini mutu."

Kasoro za kweli zilikuwa tatu. Hiyo ya kulia alinitajia. Ya pili, kitufe cha kuwashia kilikuwa kimekufa, na mkono wa chuma wa kuwashia kwa teke uko upande wa kushoto, upande wa mguu wangu usiofaa. Nilizunguka skuta mara mbili nikifikiri. Mwishowe nikasimama kando yake, nikaigeukia, nikaushika usukani kwa mikono yote miwili na kupiga kwa mguu wa kulia. Iliwaka teke la nne. Ya tatu, waya wa breki ya mbele ulikuwa umebaki uzi mmoja. Hiyo ilinigharimu asubuhi nzima ya Ijumaa, kwa sababu fundi wa baiskeli aliyekuwa na waya unaoweza kutosha alikuwa amealikwa kunywa chai, na chai ya Kamembe haiishi kwenye kikombe.

Nilipokuwa nafunga kofia, kasike kama tunavyoiita, mke wa Papa Josué alitoka na kitambaa akaifuta skuta mbele na nyuma.

"Iyi njo ilinipeleka maternité kuzaa," aliniambia. "Mara mbili. Usiiachie mvua."

Kando ya ziwa

Niliondoka saa nne. Barabara ya kando ya Kivu ni nzuri, ya lami, lakini haijui kwenda moja kwa moja. Inazunguka kila ghuba hadi ndani kabisa, kisha inarudi karibu pale ilipokuwa, upande wa pili wa maji. Unamwona mtu anayefua ng'ambo, na baada ya nusu saa unampita, naye bado anafua nguo ileile.

Skuta ilikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea. Ila ililia. Ililia nikianza kwenda, ililia nikipunguza mwendo, na baada ya mvua ya saa tano ililia hadi mbuzi wakainua vichwa. Niliandika: si asubuhi tu.

Mbele kidogo ya Tyazo nilisimama kukung'uta maji kwenye viatu. Bibi mmoja mwenye kuku mkononi alitoka njia ya chini, akanisalimia kwa heshima zote, akapanda nyuma yangu na kukaa. Akataja soko analokwenda. Nilimwambia kwamba mimi si dereva wa kukodiwa. Akasema hana shida na hilo, yeye anataka kufika tu. Kisha akaninyooshea mkono juu ya bega, akasubiri. Nilikuwa sijaelewa anasubiri nini.

"Kasike yangu," akasema.

Nikamwambia ninayo moja, hii niliyovaa, si kama madereva wa kukodiwa wanaobeba ya pili kwa abiria. Bibi akashuka polepole, akamshika kuku vizuri, akanitazama kwa masikitiko.

"Una pikipiki yenye kasike moja," alisema. "Utakula nini?"

Aliondoka kwa miguu bila kugeuka. Nilitaka kumweleza habari za Mudende na maziwa, lakini alikuwa tayari ameshafika mbali na hasira zake.

Tyazo nilikula sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, waliokaangwa mpaka wakakauka, pamoja na ndizi za kupika na pilipili ya matone, ile ya kichupa. Mpishi aliniuliza kama ile ni skuta ya kike au ya kiume. Nikasema sijui. Akatoka nje kuitazama, akarudi na jibu kwamba kwa namna inavyolia, imeolewa.

Kibuye

Niliingia Kibuye saa kumi jioni na kelele nyingi kiasi kwamba sikuhitaji kumtafuta fundi. Fundi alinitafuta. Anaitwa Damas, ana karakana ndogo karibu na kituo cha mabasi, na ufundi aliusomea Bukavu. Ni mtu mpole, na vifaa vyake amevipanga kwa ukubwa juu ya gunia safi. Pikipiki za kawaida, zile za mnyororo, anazifungua na kuzifunga huku akiongea mambo mengine. Skuta hakuwa amewahi kufungua, na hakunificha hilo.

"Lakini mashine ni mashine," alisema. "Ikilia, inaomba kitu."

Alifungua mfuniko mrefu wa upande wa kushoto, skrubu baada ya skrubu. Watu wanane waliinama kutazama, mimi nikiwa wa tisa. Ndani hapakuwa na mnyororo. Kulikuwa na mkanda mpana wa mpira unaozunguka magurudumu mawili ya chuma, na vumbi jeusi kila mahali. Damas akapitisha kidole, akakitazama.

"Mama, hapa ndani kuko kavu kama unga. Tangu lini hawajaipatia mafuta?"

"Sijui. Nimeinunua jana."

"Wamekuuzia mashine yenye njaa."

Akaupaka mkanda grisi kwa uangalifu, pande zote mbili, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Kisha akamimina oili ya injini humo ndani, akafunga. Akawasha. Kilio kilikuwa kimekwisha. Wale wanane walisema aaah kwa pamoja, na mmoja akampiga Damas begani. Niliandika: Kibuye, fundi Damas, tatizo limekwisha. Nililala usingizi mzuri.

Milima ya Rutsiro

Sikuwa nimesahau kwamba kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo nchi nzima hutoka kufanya kazi ya pamoja mpaka karibu saa tano, na hakuna anayepita barabarani bila sababu kubwa. Niliiweka kwenye hesabu. Niondoke saa kumi na mbili, niwe nimeivuka milima kabla ya saa mbili, na kama ni lazima nishike jembe, nilishike karibu na nyumbani.

Kilomita za kwanza skuta ilikwenda kimya kama gari jipya. Nilikuwa nimeanza kumtungia Damas ujumbe wa shukrani kichwani. Kisha mlima ukaanza kwa kweli, na injini ikaachana na gurudumu. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Nikivuta mafuta kelele inaongezeka, mwendo unapungua. Harufu ya oili inayoungua ikapanda. Mwanamke mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani alinikaribia kutoka nyuma, akanisalimia, akanipita, akapotea kwenye kona.

Saa mbili na dakika kumi, kwenye kona hiyohiyo, nilikuta watu kama mia moja wenye majembe na mapanga. Mkuu wa kijiji alisimama katikati ya barabara akiwa amevaa koti la mvua. Tulizungumza Kinyarwanda.

"Tumekusikia tangu kule bondeni," alisema. "Tulidhani ni lori la mchanga."

Nilimweleza yote: skuta, Jumatatu, lori la maziwa, kituo cha tatu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akanipa jembe.

Alipoona ninavyosimama kwenye mteremko, alilichukua jembe akanipa kamba. Walikuwa wanachimba mfereji wa maji ya mvua kando ya barabara, na kamba ndiyo iliyoonyesha mstari. Ncha moja niliishika mimi. Ncha nyingine aliishika mama mnene mwenye buti za mpira, ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Walimwita Mama Kevine. Baada ya kunisikiliza nikiongea na mkuu, alibadilisha lugha.

"We ulikomalia Tanzania."

"Nilikulia huko, ndiyo. Umejuaje?"

"Kinyarwanda yako inapanda na kushuka. Na Kiswahili, sasa naisikia, unaongea Kiswahili ya radio." Alivuta kamba ikanyooka. "Mi nilizaliwa Masisi, kule Congo. Niambie, nani aliipatia mashine yako mafuta?"

Nilimwuliza amelijuaje hilo, hali hata hajaisogelea.

"Minasikia. Mukanda inateleza. Mi iko na mashine ya kusaga mahindi, na mbele yangu alikuwa nayo baba. Ikilia vile, kuna mutu ametia mafuta mahali haitaki."

Nikasema aliyetia ni fundi. Akasema hiyo haishangazi.

Baada ya kazi tulikaa kwenye majani kwa mkutano, kama ilivyo kawaida. Mkuu alikuwa na daftari. Jambo la kwanza lilikuwa mbuzi wanaoachiwa mashambani. La pili, mlango wa choo cha shule. La tatu, wageni wajitambulishe, na mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Nilisimama, nikasema jina langu na ninakotoka. Nilipokuwa naketi, Mama Kevine akasimama.

"Mgeni ana shida ambayo haombi," alisema. "Mashine yake imenyweshwa mafuta. Naomba ipelekwe kwangu tuikaushe."

Madereva wanne wa pikipiki waliokaa pamoja wakaanza kucheka. Mmoja akasema ni pistoni, hiyo imekufa. Mwingine akasema ni kabureta. Wa tatu alikuwa na adabu zaidi.

"Mama Kevine, tunakuheshimu," alisema, "lakini wewe ni mtu wa unga."

"Ni kweli," alijibu. "Na wa kwako husagwa na nani?"

Mkutano ukacheka, mkuu naye. Aliuliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Akaandika, na kwa kuwa nilikuwa karibu nilisoma: mbuzi, choo, skuta ya mgeni kwa Mama Kevine. Akafunga daftari na mkutano.

Kwenye mashine ya unga

Madereva wale wanne ndio walioisukuma skuta mpaka kwake, nadhani ili wawepo atakaposhindwa. Mashine yake iko kwenye chumba cha mbao, na mkanda mrefu unatoka kwenye mota kwenda kwenye jiwe la kusagia. Kabla ya kugusa chochote alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaikausha kwenye moto wa jikoni. Hapo nilianza kumwamini, kwa sababu sisi wa maziwa tunafanya hivyohivyo.

Akafungua mfuniko. Oili ilimwagika chini, nyeusi, kama nusu kikombe, ikatambaa mpaka kwenye kiatu cha dereva aliyetaja pistoni. Akasogeza mguu.

"Mnyororo bila mafuta unakatika," alisema, kama mtu anayejitetea.

Mama Kevine akamjibu kwa Kiswahili, nami sijui kama kijana wa watu alielewa.

"Cheni inashika kwa meno. Iyi haina meno. Inashika kwa ukavu. We ukijipaka mafuta mikono yote miwili, utafungua chupa?"

Akautoa mkanda, akauosha kwa sabuni na maji ya moto, akautundika kwenye kamba ya nguo kati ya foronya mbili. Magurudumu ya chuma tuliyasugua kwa petroli, kisha kwa kitambaa kikavu, kisha kwa majivu laini, kisha tena kwa kitambaa. Nasema tuliyasugua kwa sababu wale madereva walishika vitambaa bila kuambiwa. Wakati mkanda unakauka tulikula viazi, maharage na dodo, mchicha wa kwetu, kutoka sufuria moja.

Nilitumia nafasi hiyo kumpigia Damas. Niliona ni haki yake kujua, na pia wa pili asije akafanyiwa kama mimi.

"Mama, unisamehe," alisema. "Ilikuwa kavu kabisa. Nilizani ni njaa."

Mkanda ulipokauka, Mama Kevine aliukunja mbele ya jua akanionyesha. Kwa ndani ulikuwa na nyufa, nyingi, kama kisigino cha mtu anayetembea peku.

"Njo sababu ilikuwa inalia," alisema. "Imezeeka. Mi sina mukanda ya kipimo iyi. Itafika ama haitafika. Usiikimbize. Na usisimame katikati ya mulima, hata mutu akikusalimia."

Nilimwuliza nimpe nini. Akasema nisimwulize mambo ya mjini.

"Siku ile utafika kwa maziwa, unipigie. Usinipigie hadisi. Weka telefone kwa mashine, mi nisikilize."

Pfunda, halafu mteremko

Niliondoka saa nane na nusu. Skuta ilipanda ikilia, na safari hii kilio kilinifurahisha. Nilipita mji mdogo wa Congo-Nil, juu milimani, bila kusimama. Watu watatu walinisalimia milimani na sikuwajibu, nawaomba radhi popote walipo.

Mkanda ulikatika saa kumi na moja jioni, nikiwa nimeanza kuona mashamba ya chai ya Pfunda. Haukutoa kishindo. Ilikuwa kama mtu anayepiga kofi moja chini ya meza, kisha injini ikanguruma bure. Nilisimama kando. Wachumaji wawili wa chai, wanawake wa umri wa dada zangu, walikuwa wanarudi nyumbani na vikapu vitupu mgongoni. Mmoja aliuliza kama nimeishiwa mafuta.

Nilisema hapana, mafuta nimeshakuwa nayo mengi.

Kutoka pale sehemu kubwa ni mteremko. Nilizima injini, nikafungua mfuniko, nikautoa mkanda uliokatika na kuuweka shingoni, nikaiachia skuta ishuke yenyewe kuelekea ziwani. Breki ya mbele, ile ya waya wa baiskeli, ndiyo iliyonifikisha. Pale barabara ilipolala tambarare, Rugerero, nilishuka nikasukuma. Niliingia nyumbani Jumamosi kabla ya giza, nikiwa na skuta isiyokwenda na siku moja mkononi.

Jumapili

Jirani yangu Mama Zawadi huvuka kwenda Goma karibu kila siku na nyanya na vitunguu, na Jumapili huvuka kumwona mama yake mdogo anayekaa mtaa wa Birere, hukohuko Goma. Nilimkuta anafunga kitenge. Nilimpa mkanda.

"Inaitwa nini, iyi skuta?" aliuliza. "Kule wataniuliza jina."

Nikamwambia herufi zimebaki mbili. Akasema hizo hazitoshi hata kwa salamu. Kisha akauzungusha mkanda kiunoni mwake juu ya kitenge, mara moja na robo, akafunga kwa uzi.

"Bon. Sitasema jina. Nitasema: nataka ingine ya kunitosha hivi."

Nilikaa uani kuanzia saa tatu. Nilifungua mfuniko mwenyewe, nikafuta, nikasugua magurudumu kwa majivu, nikafuta tena. Kila mwanamume wa mtaa aliyepita alisimama. Wanne walinishauri niweke mafuta kidogo tu. Mmoja alirudi nayo kwenye kifuniko cha chupa. Nilimshukuru, nikamwomba aende nayo kwenye mlango wake unaolia.

Saa nane Mama Zawadi alirudi na mikanda miwili kiunoni, wa zamani na mpya, na habari ndefu ya muuzaji aliyedhani anachekwa mpaka alipopima. Mikanda ilikuwa sawa kwa urefu na kwa upana. Nilinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Ilinichukua hadi saa kumi na nusu kuuingiza, maana kumtazama Mama Kevine akiutoa na kuurudisha ni jambo moja, na kuurudisha mwenyewe ni jambo lingine. Nilifunga skrubu ya mwisho, nikasimama kando, nikapiga teke la kulia. Gurudumu la nyuma likazunguka. Haikulia.

Hapo nilipata hofu, nakiri. Haikuwa imelia kwa Damas pia.

Mudende

Jumatatu niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baridi ya Mudende inaingia kwenye mikono ya koti na kukaa humo. Kituo cha kwanza, nilipita nikahesabu ndoo. Cha pili, vivyo hivyo. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kufika tu, kupima kungeanzia cha tatu. Mlima wa mwisho ni wa udongo na mawe. Nikavuta mafuta kidogokidogo nikisikiliza, na kila nilipoongeza, mwendo nao uliongezeka. Ng'ombe walikuwa njiani. Mchungaji alinisalimia kwa mkono wote na sikusimama.

Nilifika ikiwa saa moja kasoro dakika nane. Wafugaji walikuwa wamepanga foleni na vyombo vyao. Mwenyekiti alikuwa amekaa juu ya debe lililogeuzwa, na mtu wa Kanama amesimama nyuma yake, mikono mfukoni, pikipiki yake ikiwa imeoshwa. Mwenyekiti alitazama saa. Akaitazama skuta, macho yake yakakaa kidogo kwenye kiti cha suti. Mwisho akaitazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa nyeusi kwenye kucha kwa vumbi la mkanda.

"Mikono hiyo haigusi maziwa ya watu," alisema.

Nilinawa. Mara tatu, kwa maji ya moto, yeye akisimamia. Mara ya tatu aliigeuza viganja juu, chini, kisha akatoa mfukoni funguo za kijisanduku cha vipimo akaziweka mikononi mwangu, bado ikiwa na maji. Yule wa Kanama alinipa mkono, akawasha, akaondoka. Lori lilikuwa bado halijasikika.

Nilikuwa sijaizima skuta. Nilipiga simu, nikasikia upande wa pili kuku na sauti ya mota, kisha mota ikazimwa. Niliinama nikaiweka simu karibu na mfuniko wa kushoto. Nilihesabu mpaka ishirini, nikairudisha sikioni.

"Iko kavu," alisema Mama Kevine. "Zima sasa, unamaliza petroli."

Nikazima. Mfugaji wa kwanza alikuwa tayari ameweka ndoo yake mbele yangu na kufunua kifuniko.